Siku Kumi za Kufunga

Mbwa mwenyewe alikuwa mdogo, paka wa sokoni wangeweza kumchapa makofi. Miguu mifupi, masikio makubwa kuliko kichwa, rangi ya chai ya maziwa. Niliachiwa na mke wa fundi mmoja wa kigeni wa kiwanda cha nguo, mama niliyekuwa namshonea mapazia. Kiwanda kilipouzwa wakafungasha mizigo yao, na siku ya kuondoka alinipakatisha yule mbwa, akageuka haraka nisimwone machozi. Nikabaki nimesimama barabarani Nyakato na kiumbe anayetetemeka kifuani kwangu.

Mama yangu aliponiona naingia naye alishika kiuno. "Wenzako enzi hizi za ruksa wanaingiza nyumbani redio na baiskeli," alisema. "Wewe umeniletea takataka."

Tangu siku hiyo hakumwita vingine. Takataka ondoka jikoni, takataka imelalia kanga yangu. Tulikuwa tunaishi wawili tu, yeye na mimi, vyumba viwili na baraza, na cherehani yangu ya miguu hapo barazani. Mama alikuwa mlokole wa kweli, si wa Jumapili peke yake. Kwake kufunga lilikuwa jambo la kawaida kama kufagia uwanja. Alifunga kuomba mvua, alifunga kwa ajili ya ndugu zake wa kijijini, alifunga ili mimi nipate mume, na hilo nilimwambia waziwazi kwamba anajinyima ugali bure.

Mwaka uliofuata mbwa wangu alinitoroka siku mbili, na dume lililompata lilikuwa kubwa mno kwake. Muda wake ulipofika alihangaika na uchungu usiku na mchana hadi macho yakamgeuka. Bahati nzuri daktari wa mifugo alikuwa amekuja kumtazama ng'ombe wa jirani. Nilimvuta mkono bila hata kumsalimia. Alitoa watoto wawili, wote wameshakufa, akanawa mikono, ndipo nikakumbuka kusema shikamoo.

"Marahaba," akajibu. "Sasa nisikilize. Nyonga yake ni ndogo. Huyu akipata nguvu tumtoe kizazi. Akibeba mimba nyingine, hatoki."

Daktari huyo alikuwa ameacha kazi ya serikali na kufungua duka lake la dawa za mifugo ng'ambo ya ziwa, Kamanga. Alikuwa ametibu ng'ombe maisha yake yote. Mjini nilijaribu kwa wengine wawili. Mmoja alicheka, mwingine akasema nimlete amchome sindano alale moja kwa moja tuishe maneno. Nilimjibu maneno ambayo mama hakupaswa kuyasikia, na bahati mbaya yalimfikia.

Mama hakutaka kabisa habari ya upasuaji. "Kumfunga kizazi kiumbe wa Mungu! Watu wamekataa uzazi wa mpango, sasa mnaanza na mbwa?"

"Akishika mimba atakufa, mama."

"Na akifia kwenye kisu cha daktari wa ng'ombe je? Wewe ndiye utakayekuwa umemwua. Basi akifa, usinililie humu ndani."

Nilisema sitalia. Lakini neno lile liliniingia, maana lilikuwa la kweli. Nikimwacha anaweza kufa, nikimpeleka anaweza kufa, ila nikimpeleka nitakuwa nimemwua kwa mikono yangu mwenyewe.

Mwishowe niliamua kumpeleka. Daktari alituma salamu kwamba siku ya kuja mbwa afunge, toka jioni ya jana yake asile chochote. Asubuhi nilimfunga kifuani kwa kitenge, nikashuka kwenda kivukoni. Mama naye akavaa viatu. Alisema ana shauri lake na mtu wa Kamanga. Kutwa nzima sikumwona akimtafuta mtu yeyote.

Kwenye kivuko dada mmoja mwenye kapu la nyanya alinisogelea. "Mtoto ana miezi mingapi?" Akafunua kitenge. "Mwee! Jamani, mbwa!"

Mama, ambaye hakuna aliyemwuliza, akaona aeleze. "Anakwenda kufunga kizazi."

Kivuko kizima kilicheka. Mzee mmoja mwenye baiskeli akasema mkewe ana watoto tisa na amekataa, kumbe mbwa wa mjini ana akili kumzidi. Mama alinuna hadi tukafika ng'ambo, kana kwamba mimi ndiye niliyelitangaza.

Daktari alipasulia kwenye chumba cha nyuma ya duka, juu ya meza iliyonuka dawa ya kupe. "Nimezoea kuingiza mkono mzima," alisema akimpima mbwa kwa macho. "Huyu nitaingiza vidole viwili." Akaniambia nishike miguu baada ya sindano ya usingizi. Nikasema mimi siogopi damu, nimekulia kwenye machinjio ya mjomba, yeye afanye kazi yake tu. Alipokata, nilitoka mbio. Mimi mwenye maneno mengi nilikuwa nje nimeshika ukuta, natapika. Aliyeshika ile miguu mpaka mwisho ni mama.

Niliporudi ndani kidonda kimeshashonwa. Kivuko kilikuwa kinapiga honi, sisi tunahimizana, na daktari alikuwa anamalizia kumpa mama maelekezo huku kipande cha uzi bado kiko kwenye meno yake. Tulikimbia. Tulipokaa juu ya mizigo ya watu na kupumua, nikamwuliza mama daktari kasemaje.

"Kidonda kioshwe kwa maji ya moto yenye chumvi, yakishapoa. Asilambe. Kidonge nusu asubuhi, nusu jioni. Na afunge siku kumi."

"Afunge? Siku kumi? Mama, una uhakika?"

"Nina masikio. Si ndivyo alivyosema hata kabla ya kupasuliwa, kwamba afunge? Basi na baada yake ni hivyohivyo. Tumbo limekatwa, wataka ulitie ugali?"

"Atakufa njaa!"

"Nani kasema afunge kavu? Atafunga kama tunavyofunga sisi. Jua likizama anapata uji, anamshukuru Mungu, analala."

Leo nikisimulia watu wananiuliza nilikuwa na akili gani. Nilikuwa nayo, lakini nilikuwa nimetapika, nilikuwa na aibu, na yule aliyebaki mle chumbani ni mama. Ningepingana naye kwa lipi?

Ili asilambe nilimshonea gauni. Nilichukua masalia ya khanga laini, nikaacha matundu manne ya miguu, nikaweka kamba tatu za kufungia mgongoni. Lilimkaa vizuri, na lilikuwa limepigwa pindo safi, kwa sababu mimi sishoni ovyo hata kwa mbwa. Jirani aliyepita akasimama akitazama. "Fundi, tangu mitumba ije ndiyo umehamia kwa wateja wa miguu minne?" Nikamwambia huyu angalau akivaa anatulia, hanirudishii eti kiuno kimebana.

Asubuhi namfungua gauni, naosha kidonda, natazama, namfunga tena. Siku ya kwanza na ya pili kilikuwa kikavu kabisa. Alitembea uani alivyotaka. Alipanda kiti changu, akashuka, akafukuza kunguru hadi kwenye michongoma. Nilifurahi, nikaona anapona. Mchana alikuja kukaa mbele ya jiko, akanitazama usoni, akatazama sufuria, akanitazama tena. Mama akamwambia, "Vumilia, takataka. Jua linakwenda." Jioni nakoroga uji mwepesi, anaumaliza kwa pumzi moja, kisha analamba bakuli mpaka linahama mahali.

Siku ya nne hakuja jikoni. Nilimkuta chini ya cherehani amejikunja. Nikamsimamisha, miguu ikatetemeka, akakaa. Nikamfunua mdomo, ufizi umepauka. Nikafungua gauni, na mwisho wa kidonda mshono mmoja ulikuwa umeachia, pana unyevunyevu. Nilijua nimemwua.

Mama alikuwa chumbani kwake, nilisikia sauti yake ya maombi nyuma ya mlango. Sikumwita. Nilikumbuka alivyosema nisimlilie, nikamfunga mbwa kifuani, nikatoka na ndala.

Kivuko kilikuwa kimeondoka. Kusubiri kingine kulikuwa mateso, jua linawaka, maji yanameremeta, watu wananunua mahindi ya kuchoma na kupiga soga kama vile hakuna jambo. Kila mara nilitia mkono ndani ya kitenge kuhakikisha anapumua. Nilimwomba msamaha kwa sauti. Mtu aliyekaa karibu yangu akahama, na mimi sikujali. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, sina mume, kazi inasuasua, na kiumbe pekee aliyekuwa akinikimbilia kila nilipofungua mlango nilikuwa nimempeleka mwenyewe kukatwa.

Nilimkuta daktari dukani anakula, ugali na sato wa kuchemsha. Nikaanza kumweleza kila kitu kwa mara moja, ufizi, mshono, miguu, na huku nalia. Akaninyamazisha kwa mkono wenye ugali. Alikuwa anatazama kitenge changu.

Kichwa kilikuwa kimechomoza. Pua inacheza. Kabla sijasema neno, yule maiti wangu alijirusha kutoka kifuani, akatua juu ya meza, akadaka mkia wa sato, akaumeza pamoja na mapezi.

"Ebo!" Daktari aliinua sahani juu. "Huyu anaumwa nini?"

"Amedhoofika, daktari. Labda ni kule kufunga."

"Kufunga nini?"

"Si ulisema afunge siku kumi? Leo ya nne. Tunampa uji jioni tu."

Daktari aliweka sahani chini, mbele ya mbwa, wala hakujaribu kuiokoa tena. "Mwanangu, nilisema afungwe. Afu-ngwe! Kwa kamba, asirukeruke, mishono isifumuke. Jamani, mnamfungisha mbwa?" Akaanza kucheka, akacheka akikohoa, akaegemea magunia ya pumba. "Kwa hiyo kamba hakufungwa, akawa anaruka. Na chakula akanyimwa. Yaani kila nililosema mmelipindua!"

Nilicheka naye mpaka nikalia upya, lakini kilio hiki kilikuwa kingine, kilinitoka kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani baada ya mlima. Hafi. Ana njaa tu. Daktari alimpiga sindano ya ganzi, akarudisha mshono mmoja, akanionyesha kuwa ndani kidonda kimeshikana vizuri, hakuna usaha. Akaniambia chakula kidogokidogo mara nne kwa siku, supu ya samaki isiyo na chumvi, na kamba fupi. Aliirudia ile kamba mara tatu, na mara ya mwisho alinifanya nirudie mimi.

Njiani nilikuwa nampangia mama maneno. Nilikuwa nimechemka. Nina masikio, alisema. Leo atanitambua. Nilipofika uani nilimkuta amesimama kwenye kizingiti, ameshika mwimo wa mlango.

"Kafa?" aliuliza.

"Hajafa."

Akakaa palepale kizingitini, pu, kama mzigo. Nikamweka mbwa chini, nikaanza. Nikamwambia hakusema afunge, alisema afungwe, kwa kamba, na kwamba siku nne tumemtesa kiumbe asiye na kosa kwa sababu ya masikio yake. Nilisema mengi na kwa sauti ya juu.

"Kamba," mama alisema hatimaye.

"Kamba, mama. Kamba!"

"Kwa hiyo anakula."

"Ameshakula sato mzima wa daktari."

Akamvuta mbwa kwa kamba fupi niliyoinunua Kamanga hadi miguuni pake, akampapasa chini ya gauni, taratibu. Ndipo nikamwona vizuri. Midomo ilikuwa mikavu, mashavu yameingia ndani.

"Basi na mimi nipakulie," alisema. "Njaa inaniuma."

"Kwani mchana hukula?"

"Tangu Jumatano tulipotoka Kamanga nakunywa huo uji wenu wa jioni, unaobaki kwenye sufuria."

Nilidhani sijasikia vizuri. Nikamwuliza kwa nini, nani alimwambia yeye afunge. Mama alitazama pembeni, kule kwenye michongoma, kama mtu aliyefumaniwa.

"Mbwa kufunga anaweza," alisema, "lakini kuomba hajui. Sasa angefunga bure? Ilibidi apate mtu wa kumwombea."

Nikaingia jikoni kubandika maji ya ugali. Ningekaa pale kizingitini ningemlilia humohumo ndani ya nyumba yake.