Kiwanda cha Pamba na Watu wa Mpunga

Nakumbuka siku moja, saa moja na robo asubuhi, mikanda ya mashini ikiwa bado haijaanza kuzunguka, watu wawili waliingia katika kiwanda cha zamani cha pamba hapa Kasongo wakaanza kupima sakafu kwa kamba. Hawakutusalimu. Mmoja alimwomba Kalonda, mhunzi wetu, asogeze mguu. Kalonda akausogeza, akamuuliza kama anampimia viatu au jeneza.

Mwanangu, wewe unayeshika mashini yangu leo umekikuta kiwanda hiki kama mtu anavyoukuta mto, ukadhani hakiwezi kuondoka. Pamba iliisha zamani. Kilichobaki ni kuta za matofali ya kuchoma, mabati yenye kutu, na ile nondo nene inayopita chini ya paa kutoka ukuta hadi ukuta. Injini moja huizungusha, na kila fundi hufunga mkanda wake juu yake. Mimi na mwenzangu tulikoboa mpunga, wengine wawili walisaga muhogo na kukamua mawese, Saidi alipasua mbao, Kalonda alipulizia moto wa chuma. Kila asubuhi kila mmoja alimimina mazutu yake, mafuta ya injini, katika tangi moja, na aliyekosa alibebwa na wenzake hadi siku ya soko. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

Wapimaji wale walitumwa na mfanyabiashara aliyetaka kubomoa kiwanda ajenge maduka. Kila mmoja wetu aliahidiwa chumba katika jengo jipya, na dola mia tatu za kungojea. Ahadi ilikuwa tamu. Lakini katika chumba chake peke yake kila fundi angehitaji injini yake peke yake, na hakuna kati yetu aliyeweza kuinunua. Tungepewa mlango na kunyang'anywa kazi.

Nilikuwa kijana. Shule niliiacha mapema. Niliyoyajua niliyasoma mwenyewe katika vitabu vilivyouzwa sokoni bila majalada, na hilo lilinipa kiburi cha namna yake. Nilidhani neno likipangwa vizuri linatosha. (Ni ugonjwa wa waliojifundisha wenyewe, na mimi bado haujanitoka wote.) Wenzangu wakanichagua kuwa msemaji. Tukaenda kwa msimamizi wa teritwari, mkuu wa serikali wa eneo letu, watu sita, tumevaa mashati safi. Nilizungumza juu ya babu zetu waliolimishwa pamba kwa lazima, juu ya jasho lililomo ndani ya matofali yale, juu ya historia isiyofaa kubomolewa. Msimamizi alinisikiliza hadi mwisho.

"Umesema vizuri, kijana," akajibu. "Lakini mimi naona watu sita. Yule bwana ataleta maduka arobaini. Soko la mwisho wa mwezi nitakuja naye, tupige vigingi."

Tulirudi kazini. Jioni ile Saidi aliniuliza, akitazama pembeni, hizo dola mia tatu zinatolewa lini.

Siku chache baadaye akafika shangazi Mwamini, dada wa baba yangu, aliyeolewa kwa wakulima upande wa Lusangi. Yeye na mwanawe walikuwa wamesukuma baiskeli yenye magunia mawili ya mpunga. Akakaa juu ya gunia moja, nikamsimulia yote, pamoja na hotuba.

"Alisema, mama, mpaka inzi wakachoka," Kalonda akaongeza.

Shangazi hakucheka. Aliniita baba, kama kawaida yake, kwa kuwa nimebeba jina la babu.

"Baba, mulienda watu ngapi?"

"Sita, shangazi."

"Na huu mupunga iko wa nani?"

"Ni wenu."

"Mulitujulisha siku gani?"

Tulikuwa tumejihesabu sisi wenye mikanda, tukasahau wanaosimama mlangoni na magunia.

"Na kitu ingine," akasema, polepole sasa. "Babu yako alipigwa fimbo juu ya pamba ya nyumba hii. Mugongo wake niliupaka mafuta mimi, nikiwa mutoto. Usiiombee nyumba hii kwa fimbo ile. Iombee kwa muchele. Mufu hawezi tena kulala njaa, baba. Hawa wazima ndio watalala njaa."

Kalonda aliyeishi kwa mzaha alirudi kwenye moto wake, akaupulizia.

Kesho yake nilichukua baiskeli nikashika njia ya Lusangi, nikaendelea kijiji kwa kijiji hadi Wamaza. Sikubeba karatasi. Kila mahali nilianza kwa kuomba radhi kwamba tumechelewa kuwaambia, kisha nikauliza: kiwanda kikibomolewa, mpunga wenu mtaukobolea wapi? Halafu nikanyamaza. Kunyamaza kule ndiko kulikonishinda zaidi, maana majibu yalinijaa mdomoni. Walijibu wao wenyewe, na walijua mambo ambayo mimi sikuwahi kuyafikiri. Mzee mmoja alisema pumba za kiwanda chetu ndizo zinazochoma matofali yake. Kila nilipoondoka niliwatajia siku ya vigingi.

Siku ya soko la mwisho wa mwezi, msimamizi alipofika na mfanyabiashara na vijana wenye vigingi, hapakuwa na mahali pa kuvipiga. Ua wote ulijaa baiskeli na magunia, hadi barabarani. Hakuna aliyepiga kelele. Mfanyabiashara aliomba njia.

"Karibu, baba," mama mmoja akamwambia kwa heshima. "Mustari unaanzia kule nyuma. Gunia lako iko wapi?"

Watu wakacheka, hata msimamizi. Kisha akaniambia nizime mashini ili wasikilizane. Nikamwonyesha nondo juu: kuzima injini ni kuwazimia wote. Aliitazama kwa muda mrefu, akifuata mikanda kwa macho, mmoja baada ya mwingine. Akamgeukia shangazi, aliyekaa mbele ya wote juu ya gunia lake.

"Mama, nyumba hii ikiondoka, mutafanya je?"

"Tutatwanga, mukubwa. Na tutatwanga wa kutosha watoto wetu. Watu wa Kasongo watakula maduka."

Vigingi vilirudi kama vilivyokuja. Mfanyabiashara alipewa kiwanja kingine, kwenye njia ya kwenda mtoni, akajenga huko. Leo hununua mchele wetu kwa jumla, na huuliza habari za shangazi.

Mwanangu, nasikia watu wa kamba wameanza kupita tena. Kabla hujafungua mdomo kutetea kitu, tafuta kwanza nani anakula kutokana nacho, uende kwake kwa miguu yako, umsikilize. Mkataa wengi ni mchawi, na anayesema kwa niaba ya wengi bila kuwauliza hayuko mbali na uchawi huo. Heshimu maumivu ya waliotangulia, lakini usiyafanye bidhaa ya kubembelezea wakubwa. Kitu kitetee kwa kazi kinayoifanya leo.

Mungu akupe sikio kabla ya ulimi. Tangi lako lisikauke, na mlangoni pako pasikose gunia la mtu. Wakikuuliza sisi wa zamani tulipoteza nini kwa ukaidi ule, waambie ukweli: dola elfu moja na mia nane, watu sita, na hata Saidi hakuzililia.