Wifi Yangu Anusaya na Vijitabu vya Mbio

Kaka yangu Dinkar alikuwa joki, mpanda farasi wa mashindano, tena joki mzuri, na alifia kazini, kwenye uwanja wa mbio wa hapa Pune, India. Ulikuwa msimu wa mvua na majani yalikuwa yamelowa. Farasi wake alijikwaa kwenye kona ya mwisho, wakaanguka wote wawili, na waliokuwa wakija nyuma hawakuwahi kumkwepa. Sisi tulikuwa nyumbani tunachambua mchele habari ilipofika.

Mama yetu huzuni ilimgeukia kuwa hasira. Siku za matanga, wakati Anusaya, mke wa Dinkar, amewekwa chumba cha ndani kama ilivyo desturi, mama alimwita mnunuzi wa makaratasi na vyuma vikuukuu anayepitapita na mkokoteni. Akampa kila kitu kilichokuwa na harufu ya farasi: buti, mjeledi, miwani ya vumbi, picha za ushindi, na lile rundo la vijitabu vya mbio vinavyouzwa getini siku ya mashindano, vyenye majina ya farasi na majoki wao.

"Chukua," alimwambia. "Chukua vyote, na mtaa huu usipite tena."

Anusaya aliyasikia magurudumu yakiondoka bila kujua yamebeba nini. Alipotoka na kuukuta ukuta mtupu, hakulia mbele ya mama. Aliniuliza mimi, kwa sauti ya chini, "Wifi, hata buti?"

"Hata buti."

Iliyobaki ni picha moja ya harusi. Dinkar kavaa kilemba kikubwa hadi anaonekana kama mtoto aliyeiba kofia ya baba yake. Anusaya alikuwa akiitazama na kutikisa kichwa. "Huyu siye," alisema. "Huyu ni kilemba tu."

Wengi walidhani atarudi kwao Satara. Hakurudi. Alipata cherehani, akaanza kushona sare za shule, akabaki nasi. Yeye na mama waliishi kwa adabu kubwa, kama abiria wawili waliokaa kiti kimoja na hawajuani.

Siku moja tulikwenda stesheni kumsindikiza mjomba. Treni ilichelewa, tukanunua karanga, zile zinazofungwa kwenye karatasi iliyosokotwa. Anusaya alipomaliza zake, aliikunjua karatasi ili aifute mikono. Mkono ukabaki hewani.

Kiingereza hakukijua. Alikuwa amesoma Kimarathi, basi. Lakini Dinkar aliwahi kumwandikia jina lao la ukoo kwa herufi za Kiingereza, kwa unga, sakafuni jikoni, wakati yeye akikanda mikate ya mtama, ili alitambue likitoka gazetini.

"Wifi, soma hapa."

"D. Shitole," nikasoma. "Farasi wa nne."

Akamgeukia muuza karanga. "Kaka, karatasi hizi umezitoa wapi?"

"Mama, hizi ni karanga. Kula karanga."

"Mimi nauliza karatasi."

"Karatasi ni ya bure."

"Basi nipe hiyo ya bure yote."

Yule mtu alicheka, kisha akaona hatanii. Mwisho wake tulirudi nyumbani na kapu zima, karanga pamoja na karatasi zake. Tulikula karanga kwenye mboga, kwenye wali, tukazisaga na pilipili, mpaka mama akauliza, "Nyumba hii imeingiliwa na nini? Mnataka kutuotesha mikia?" Anusaya alikuwa chumbani na pasi ya mkaa, ananyoosha karatasi chini ya kitambaa, moja baada ya nyingine. Majina mengi yalikuwa ya watu wengine. La Dinkar lilitokea mara chache tu, na kila lilipotokea aliniita.

Kuanzia hapo akawa mtu wa Juna Bazaar, soko la vitu vikuukuu. Kila Jumapili asubuhi, baada ya kuoga na kuomba, alikwenda kupekua pale wanapouza makufuli ya zamani, viatu vya jeshi na redio zilizokufa. Wauzaji walimbatiza Mama Farasi.

"Mama Farasi! Leo namba gani inashinda? Ninong'oneze mimi tu."

"Ningeijua ningekuwa hapa na wewe kwenye vumbi?"

"Labda unanipenda."

"Kwa meno hayo?"

Walimtania, lakini walimwekea vitu. Hakuwahi kucheza kamari hata ya peremende. Mwanzoni alitaka vile tu vyenye jina la mumewe. Kisha moyo wake ukaanza kupanuka. Alikuwa akishika kijitabu cha zamani, cha enzi ya Waingereza, anapitisha kidole kwenye majina ya majoki, anasema, "Na huyu naye alikuwa na mke." Basi anakinunua. Vikaja vijitabu vya Bombay na vya Mysore, beji za bati za kufunga kwenye tai, jiwe la mizani la shaba lililotumika kuwapimia majoki uzito, na shati la hariri lenye mikono ya manjano lililoliwa na nondo, ambalo alilitia viraka kwa nyuzi nyembamba hata ukitafuta huoni. Karatasi zilizochanika alizibandika kwa uji wa wanga. Vyote vililala kwenye masanduku ya chuma chini ya kitanda, katikati ya majani makavu ya mwarobaini.

Mama alijua. Nyumba ya vyumba viwili haina siri. Alinyamaza miaka, hadi uzee ulipomkalisha kitako. Siku hiyo Anusaya alikuwa amefungua masanduku yapate jua, na mama akajiburuza mpaka mlangoni.

"Nionyeshe lilipo jina lake."

Anusaya akauchukua mkono wa mama, akaweka kidole chake juu ya maandishi. Mama hakujua kusoma lugha yoyote. Alikipapasa kile kijitabu kama anayetafuta joto.

"Nilidhani nikiviondoa vitu vyake, na maumivu yatapanda mkokoteni," alisema.

"Najua, mama."

"Hukuniambia neno hata moja."

"Ulikuwa umefiwa na mwanao. Ningekuambia nini?"

Baada ya hapo mama ndiye aliyekuwa akibadilisha majani ya mwarobaini, na aligomba kama tumetumia mabichi. Alikufa akiwa amepatana na Anusaya.

Kijitabu kimoja tu Anusaya alikikataa. Muuzaji mmoja alimpa akiangalie. Alipoiona tarehe ya siku ile Dinkar alipokufa, alikirudisha haraka kama sufuria ya moto. Kulikuwa na jina pia ambalo nyumbani kwetu halikutajwa: Dastagir Tamboli. Yeye ndiye aliyekuwa mbele ya Dinkar pale konani, na watu walisema alimkatia njia. Waamuzi walimwachia. Alipokuja kutoa pole, mama alimfukuza mlangoni kwa ufagio.

Miaka mingi baadaye, nywele zetu zikiwa zimeshakuwa nyeupe, mchuuzi mmoja wa Juna Bazaar aitwaye Baban alimwambia Anusaya kuna joki mzee, upande wa mazizi, anahamia Solapur kwa binti yake na anagawa vitu vyake vya mbio. Hakumtaja jina, na sisi hatukuuliza. Tukaenda.

Alitufungulia mzee mfupi, mguu mmoja umepinda. Akatukaribisha, akaagiza chai. Ukutani kulikuwa na tandiko dogo, kofia, na picha. Anusaya alikuwa akizitazama kwa furaha, ndipo yule mzee akatuangalia vizuri. Akasimama kwa shida.

"Shemeji?" akasema. "Shemeji Anusaya? Nilikuwa kwenye harusi yenu. Mimi Dastagir."

Kikombe cha Anusaya kikagonga kisahani.

Mzee hakungoja kuulizwa. "Miaka yote hii nimekuwa nikiyabeba haya," alisema. "Farasi wangu aliteleza kidogo, nikamvuta kushoto. Nilimsikia Dinkar akipiga kelele. Sikukusudia, shemeji, Mungu shahidi. Lakini mimi ndiye niliyeingia mbele yake. Waamuzi niliwaambia sikuona kitu. Nilikuwa na watoto wadogo, niliogopa."

Anusaya aliweka kikombe chini, akatoka. Nilimkimbilia barabarani. Alikuwa akitembea kama kijana.

"Wifi, subiri! Mtu amekiri."

"Ndicho kinachoniudhi!" Alisimama, machozi yanamtiririka. "Miaka yote nimemchukia mwongo. Sasa mtu mkweli nimfanyeje?"

Juma zima alishona tu. Kisha akatoa sandukuni kijitabu kimoja, cha siku Dinkar aliposhinda kule Bombay, akakifunga kwenye leso. "Twende," akaniambia.

Dastagir alipofungua mlango, Anusaya alikuwa wa kwanza kusema. "Sikuja kukusamehe. Jambo hilo bado nalifikiria. Nimekuja uniambie siku hii ilikuwaje."

Mzee alikipokea kijitabu kwa mikono miwili. Akavaa miwani. Uso wake ukafunguka. "Ah, hii! Siku hii mumeo alitaka kutuua kwa njaa."

"Kwa njaa?"

"Tulikuwa tunapunguza uzito. Hatuli, hatunywi, tunanyonya ndimu tu. Na yeye anakaa katikati yetu anasimulia mikate ya mtama ya mkewe! Jinsi inavyovimba, jinsi unavyoweka siagi nyeupe na kitunguu. Nikamwambia, Shitole, nyamaza au nikupige na tandiko. Akasema, 'Na bado sijafika kwenye bilinganya.'"

Anusaya aliziba mdomo kwa ncha ya sari. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, mabega yanamtikisika.

Ndipo nilipoelewa jambo ambalo mimi, dada mtu, sikuwahi kuliwaza. Ndoa yao ilikuwa fupi, na sehemu kubwa ya ndoa hiyo Dinkar alikuwa safarini, Bombay, Mysore, Kalkata. Anusaya alimjua mumewe kwa siku za mapumziko tu. Na huyu mzee alikuwa na zile siku nyingine zote.

Tulirudi tena na tena. Kitu cha Dinkar, Dastagir hakuwa nacho hata kimoja. Alikuwa na maneno. Alitueleza jinsi Dinkar alivyowaimbia farasi wenye woga, kwa sauti mbaya hata farasi wakatulia kwa mshangao. Jinsi alivyogombana na tajiri mmoja aliyetaka farasi mgonjwa apigwe mjeledi, akanyimwa kazi msimu mzima. Hilo Dinkar hakutuambia nyumbani; alisingizia mafua tu. Binti wa Solapur alipiga simu kulalamika kwamba baba haji. "Bado nina kazi hapa," mzee alimjibu.

Siku moja alimuuliza Anusaya, "Kwani uwanjani ulikuwa unakaa upande gani? Nilikuwa nikikutafuta."

"Sijawahi kufika. Mama hakupenda wanawake wa nyumba waende, na baadaye sikutaka."

Mzee akavua miwani. "Shemeji! Una uwanja mzima chini ya kitanda na hujawahi kuona farasi akishindana?"

Alitupeleka mwenyewe, kwenye viti vya bei rahisi, karibu na uzio wa kona ya mwisho. Mvua ilikuwa imekatika. Kwanza hatukuona kitu, tulisikia kwa miguu: ardhi ilianza kutetemeka. Kisha wakaja, rangi zote kwa pamoja, matope yanaruka, majoki wanafokeana, na kabla hujavuta pumzi walikuwa wamepita. Anusaya alikuwa ameushika mkono wangu hadi ukaniuma.

Alitazama mbio zilizofuata, na nyingine tena. Mwishowe akasema, bila kumtazama mtu, "Kumbe ni upesi namna hii. Pale mtu hapati hata nafasi ya kuwaza."

Dastagir aliinamisha kichwa. Mabega yalimshuka, kama mtu aliyetuliwa mzigo uliokwisha kuwa sehemu ya mgongo wake.

"Nenda Solapur sasa," Anusaya alimwambia. "Binti yako anakungoja. Na useme nimekutuma."

Alikwenda. Waliandikiana, mimi nikiwa mwandishi, na alipofariki tulipanda basi kwenda kumpa pole yule binti, ambaye alituwekea chakula kama ndugu.

Watu wa mjini wamekuja mara kadhaa kutaka kununua masanduku. Mmoja alisema yangekaa vizuri nyuma ya kioo. Anusaya alimpa chai, akamwonyesha kila kitu mchana kutwa, akamrudisha mikono mitupu. Amekwisha kusema yatakwenda kwa chama cha majoki wastaafu, kwa sharti kwamba mjane yeyote akija kutafuta jina, afunguliwe bila kuulizwa maswali.

Jumapili iliyopita tulikuwa Juna Bazaar. Muuzaji mgeni alimwonyesha beji, akaapa ni ya enzi ya maharaja, wafalme wa zamani.

"Rangi haijakauka, mwanangu," Anusaya alimwambia.

"Mama, ni unyevu wa mvua!"

"Basi maharaja huyo alinyeshewa leo asubuhi," akasema, akapita meza ya pili huku anacheka, nami nyuma yake na mfuko.