Treni Nyekundu ya Mzee Tokuji

Fumie Tsukamoto ni binti wa Eizo, aliyechimba mahandaki ya treni za Tokyo, na ni mke wa Tokuji, aliyeendesha treni za njia ya Ginza miaka thelathini na minne. Yeye mwenyewe alishona vitambaa vya viti vya treni hizo, na hakuna mshono wake uliowahi kufumuka.

Kiharusi kilipomnyamazisha Tokuji, Fumie alimpandisha treni ya njia tofauti kila Jumatano, huenda mojawapo ingemrudishia sauti. Ya Ginza siku hizi ni mpya, inateleza kimya kama usingizi; mzee akatazama viatu vyake tu. Ya Oedo, ipitayo chini kabisa, ililia kama upepo ndani ya chupa, naye akasinzia.

Ikabaki nyekundu ya Marunouchi, ambayo zamani aliikejeli akiiita fuko anayetoka shimoni kuota jua. Walisimama behewa la kwanza, nyuma ya kioo cha dereva. Giza likapita, likapita, kisha ghafla treni ikatoka nje karibu na kituo cha Ochanomizu: mto, anga, mwanga ukajaa behewani kama maji. Tokuji akainua mkono, akanyooshea kidole taa ya njia na kuiita kwa sauti, kama wafanyavyo madereva wote wa treni za Japani.

"Taa inaruhusu! Twende!"

"Baba Nozomi, hata kwenye fuko?" Fumie akauliza, machozi yakimtoka.

"Fuko... mzuri."

Jioni Fumie alimpigia simu binti yao. "Nozomi, magoti yangu yamechoka. Jumatano ijayo mpeleke baba yako wewe. Nyekundu, behewa la kwanza. Na akiita taa, mwanangu, mwitikie kwa sauti. Usione haya."