Sikio la Mnunuzi wa Dhahabu

Nikiwa Nyahanga, kwenye kibanda cha dada mmoja anayeingizia watu nyimbo kwenye simu, aliingia mnunuzi wa dhahabu, hedifoni kubwa shingoni.

“Dada, usinipe nyimbo zilizobanwa faili zikawa ndogo, sauti ikaharibika. Dhahabu naijua kwa jicho, muziki kwa sikio.”

Dada akampigia wimbo kwenye spika. Karasha la jirani, mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, lilikuwa linanguruma, ukuta unatetemeka. Mtaalamu wetu wa sikio akakunja uso. “Umebanwa huu! Takataka!”

Mara karasha likazimwa. Akafumba macho, akainua kidole. “Enhee! Huu sasa haujabanwa. Nasikia mpaka pumzi!”

“Bosi, ni uleule. Sijagusa kitu.”

“Basi usiguse! Niwekee huohuo.”

Akaondoka anatikisa kichwa kwa raha. Sikio lake nimelishuhudia. Sasa nawaonea huruma wanaompelekea dhahabu aipime kwa jicho.