Dola Sitini za Sanduku Tupu

Mashine yenyewe niliinunua ikiwa uchi. Fundi wa redio wa soko kubwa la Kolwezi alikuwa ameilaza juu ya katoni, nyaya nje, transfo yake, ile inayogeuza umeme, nzito kama tofali, na ilikuwa ikiimba rumba ya zamani kwa sauti nene hata wauza samaki wa upande wa pili wakageuka kutazama. Ilikuwa ampli, ile mashine inayoupa muziki nguvu kabla haujafika kwenye spika. Ilikaa miaka mingi katika depo moja huko Lubudi, mahali mvua ilipokuwa ikiingia kama mwenye nyumba, na kutu ikala ganda lote na kuacha utumbo mzima. Utumbo ndio niliolipia.

"Na sanduku yake, tata?" fundi akaniuliza, maana kwetu kila mtu mzima ni tata, yaani baba.

Nyuma yake, juu ya rafu, kulikuwa na sanduku tupu la chuma lililotoka ng'ambo. Jeusi, lina matundu ya hewa, miguu ya mpira, na nafasi za vitufe zilizokatwa vizuri.

"Bei gani?"

"Dolari makumi sita."

"Ndani yake muko nini?"

"Hamuna kitu, tata. Ni sanduku."

"Basi unaniuzia hewa."

"Hewa ni bure," akasema. "Mi nauzisha sanduku."

Nilicheka kicheko cha mtu anayejua mambo, nikaufunga utumbo wangu ndani ya gunia la unga, nikaondoka. Inafaa mjue kwamba mimi ni karani. Kazi yangu ni kugonga mihuri kwenye karatasi za malori yanayobeba shaba kwenda mpakani. Kitu pekee nilichokuwa nimewahi kukitengeneza kwa mikono yangu miwili ni chai, na hiyo nayo mke wangu huimwaga akiona simwangalii.

Jioni ile nilitoa hotuba mezani. Nilisema ni aibu. Watu wa Lualaba tunachimba shaba inayowasha taa za dunia nzima, halafu tunatoa dola sitini kununua sanduku lisilo na kitu ndani. Nilisema mtu akijitegemea, sanduku kama lile halimgharimu hata dola kumi na tano.

"Siye tunachimba?" mke wangu akauliza. "Nani anachimba? Weye?"

Mke wangu ni muuzaji wa vitenge, na maisha yake yote amekaa kati ya bei ya kununulia na bei ya kuuzia. Alinitazama tu kama anavyomtazama mteja anayesema atarudi kesho.

Nilianza na mbao. Kando ya barabara inayoelekea mgodi wa Mashamba wanauza mbao za makreti, yale yanayoleta mashine za migodini, na bado zina maandishi ya kigeni yaliyochomwa ubavuni. Mbao zenyewe zilikuwa rahisi, na hapo nilifurahi sana. Lakini mbao za kreti hazikupigwa randa, kwa hiyo nikamlipa seremala. Seremala alipiga randa lakini hakuwa na vanishi. Vanishi iliuzwa kwa kopo kubwa tu. Halafu nikahitaji matundu ya vitufe, nikanunua drili.

"Drili ni bei gani?" mke wangu akauliza.

"Drili haihesabiwi. Ile ni mali ya nyumba."

"Na msumeno?"

"Vilevile ni mali ya nyumba."

"Nyumba yetu imetajirika," akasema, akaendelea kukunja vitenge vyake.

Sanduku la mbao lilipokamilika, lilikuwa zuri, nalisema bila aibu. Liling'aa kama jeneza la tajiri. Kwa kuwa vumbi letu, lile jekundu linaloinuliwa na malori, huingia hata ndani ya yai, nililiziba kila pembe kwa gundi. Hakuna vumbi lingepita. Wala hewa haikupita, ila hilo sikulifikiria.

Tulilijaribu Jumapili baada ya misa. Umeme ulikuwapo, jambo ambalo lenyewe lilikuwa sherehe. Wimbo wa kwanza ulitoka vizuri ajabu. Wa pili vilevile. Kwenye wa tatu mke wangu akaita kutoka jikoni: "Tata ya batoto, unapika nini kule?"

Sikuwa napika kitu. Vanishi ndiyo iliyokuwa ikiiva. Nilichomoa waya, nikavunja gundi kwa nyundo, na moshi ukatoka polepole. Kwa bahati ni fyuzi tu iliyokufa. Sanduku nalo lilipasuka ubavuni kwa ile nyundo yangu.

Mtu mwenye akili angerudi sokoni siku iliyofuata. Lakini nilikuwa nimekwishatumia karibu dola arobaini, na nilijiona nikirudi kwa yule fundi kutoa zile sitini juu yake, na yeye akiniuliza, kwa heshima kabisa, habari za hewa. Nikaenda kwa mchomeleaji.

Mchomeleaji wangu alifanya kazi chini ya bati, karibu na depo ambako vijana wa machimbo huleta magunia yao ya mawe. Alikuwa na bamba la chuma kinene, kilichopakwa rangi ya kijivu.

"Hii inatoka wapi?" nikamuuliza.

"Ilikuja yenyewe, tata."

Sikuuliza zaidi. Mjini kwetu vyuma vingi vina miguu. Nyaya, reli, vifuniko vya mifereji, vyote hutembea usiku na kukutwa asubuhi sokoni, vimechoka, vinatafuta mwenyewe. Nilimpa vipimo na malipo ya mwanzo, na aliponikabidhi sanduku nilijaribu kuingiza utumbo wangu. Ukakataa. Ulikosa nafasi ya vidole viwili.

"Tata, ulipima inje ao ndani?" akauliza.

"Nilipima."

"Najua ulipima. Ulipima wapi?"

Nilipima nje, lakini chuma kina unene, na transfo ina mabega. Akakata ubavu mmoja akauchomelea kitu kama tumbo, na tumbo hilo nikalilipia. Matundu ya hewa aliyatoboa kwa moto, makubwa na ya kila umbo. Nilipaka rangi nyeusi mara mbili, nikafunga miguu niliyoikata kutoka kwenye kandambili za mke wangu. Kwa uzito ule, tulilibeba watu wawili.

Mke wangu alilizunguka. "Hii ni ampli," akauliza, "ao ni jiko ya makala ya kuchomea mahindi?"

Wakati huo binti yetu alikuwa ameposwa, na familia ya mchumba ilikuwa inakuja kutoka Likasi, Jumamosi mchana, kuleta mahari. Nilitangaza kwamba muziki ni juu yangu. Mke wangu, bila kuniambia, akamwita kaka yake.

Huyu shemeji yangu ni mfanyabiashara. Hupeleka na kuleta bidhaa Dilolo, mpakani na Angola, na hakuna kitu anachonunua ambacho, kwa maneno yake, si cha kisasa kuliko vyote duniani. Alifika na ampli mpya kabisa aliyoinunua kule kule mpakani. Sanduku lake lilikuwa jeusi linalong'aa, mbele lina kioo, na taa za buluu zilizopanda na kushuka hata muziki ulipokuwa umezimwa.

"Beba kidogo, bofrere," akaniambia, maana ndivyo anavyomwita shemeji. "Sikia uzito. Kitu ya kweli ina uzito."

Nikabeba. Kweli ilikuwa nzito. Niliiweka chini polepole, nisije nikaonekana nahema.

"Na hiyo yako," akasema akiangalia kazi yangu, "ulitoa ku gari gani?"

Wageni walikaa chini ya turubai uani, wazee mbele, mama zetu pembeni wakiwa na vitenge vya aina moja. Ampli ya shemeji ikapewa heshima ya kwanza. Iliimba wakati wa soda. Ilipofika zamu ya mama za Likasi kuingia wakicheza na mabeseni kichwani, shemeji akaongeza sauti, nayo ikatoa mlio kama mbu aliyekanyagwa, ikanyamaza. Taa za buluu ziliendelea kupanda na kushuka. Mama wa watu walikuwa wamesimama na mguu mmoja hewani.

Mke wangu hakunitazama usoni. Alisema tu: "Leta jiko yako."

Tuliileta watu wawili. Nilichomeka nyaya, nikafungua sauti, na ua mzima ukatetemeka. Mama wakaanza kucheza, mabeseni yakayumba, wazee wakapiga makofi. Hata shemeji aliinua kidole kimoja kwa muziki. Kama ningekufa saa ile, ningekufa nikiwa nimejitegemea.

Lakini mashine ilikuwa inafanya kazi, na mashine inayofanya kazi hupata joto. Niliona rangi yangu nyeusi ikianza kutoa mapovu upande wa mbele, upande uliowaelekea wakwe. Mapovu yalipasuka. Rangi ikajikunja kama ganda la kitunguu ikaanguka, na ile ya kijivu ya mchomeleaji ikaifuata. Chini yake kulikuwa na manjano. Halafu, katikati ya manjano, likatokea fuvu la kichwa na mifupa miwili, na herufi kubwa, zimenyooka, kazi ya mtu aliyesomea: DANGER DE MORT, hatari ya kifo, kama kwenye milango ya vibanda vya umeme.

Muziki ulikuwa mzuri mno, kwa hiyo kila mtu alikuwa anatazama unakotokea. Kicheko kilianzia kwa mama, kikapita kwa vijana, kikafika kwa wazee. Mjomba wa mchumba, mzee mwenye koti na tai, alisimama akanyoosha mkono ili muziki upunguzwe.

"Tata mukwe," akasema, "siye tulifikiri munatupokea. Kumbe munatuonya?"

Watu wakalala kwa kicheko. Mke wangu akasimama, akasema kwa sauti yake ya sokoni: "Papa, ni kwa ajili ya mutoto wetu. Mwenye kumutesa, asome pale."

Wakapiga vigelegele mpaka majirani wakachungulia juu ya ukuta. Mahari ilipita vizuri kuliko tulivyotegemea, na mjomba yule alipoagana nami alinishika mkono akasema amehudhuria sherehe nyingi, lakini haijawahi kutokea wakwe waandike masharti yao waziwazi namna ile.

Wageni walipoondoka, shemeji alikuwa bado amekaa karibu na ampli yake, akiipigapiga mgongoni kama mtoto aliyekabwa. Nilileta bisibisi. Alikataa mwanzo, akisema tutaharibu garanti, lakini dada yake alikuwa amekwishaondoa skrubu ya kwanza.

Tulifungua kifuniko. Ndani kulikuwa na kipande cha kadi ya umeme kisichozidi kiberiti, nyaya chache za taa za buluu, na pembeni, limegandishwa kwa gundi nyeupe, bonge la saruji. Saruji safi kabisa, imesawazishwa kwa mwiko.

Shemeji aliligusa lile bonge kwa kidole, labda akitumaini ni kitu kingine.

"Uzito ndiyo huu," akasema mke wangu.

"Walinihakikishia," shemeji akasema. "Mutu mwenyewe alikuwa na tai."

Ningeweza kumcheka, na nilicheka kidogo, lakini mke wangu hakuwa akimtazama kaka yake wala mimi. Alikuwa akitazama sanduku. Aliingiza mkono ndani, akapima kwa kiganja kutoka ukuta hadi ukuta, akaenda kwenye ampli yangu, akapima transfo, akarudi.

"Inaingia," akasema.

Iliingia. Ilipotoka saruji, utumbo wangu ulikaa mle kama umezaliwa mle, na nafasi ikabaki. Matundu ya hewa yalikuwa mahali pake, miguu ya mpira ipo, vitufe vilikaa bila drili. Mtu fulani, mahali fulani, alitengeneza sanduku zuri kabisa kwa ajili ya kumwibia shemeji yangu, na sikuwahi kuona kazi ya mikono inayostahili sifa zaidi.

Mke wangu akafanya hesabu kwa sauti, nami nikaomba aifanye kimoyomoyo. Mbao, vanishi, drili, chuma, tumbo la chuma, rangi, kandambili: ungenunua sanduku la yule fundi mara mbili, na ingebaki chenji ya kitenge kimoja. Shemeji alidai nimlipe sanduku lake. Mke wangu akamwambia tutamlipa siku atakapotulipa gharama ya bonge la saruji kukaa nyumbani kwetu. Walikubaliana juu ya kuku wawili.

Wiki iliyofuata shemeji aliondoka kwenda Dilolo kwa hasira. Alisema anakwenda kumkamata shati yule muuzaji mwenye tai, kumpeleka polisi, kurudi na fedha yake yote. Dada yake alimfungia mihogo ya njiani, nami nikamtia moyo kadiri nilivyoweza bila kutabasamu.

Alirudi kabla ya mwisho wa mwezi, akiwa na uso wa mtu aliyeshinda kesi. Alisema walizungumza kama wanaume. Yule mtu aliomba radhi sana, akakiri kwamba zile za kwanza zilikuwa na kasoro, na kwa kuongeza kidogo tu juu, akampa aina mpya. Alifungua mlango wa gari, akaitoa kwa mikono miwili, akiinama kwa uzito, taa zake sasa nyekundu.

"Shika, bofrere," akasema akihema. "Hii inapita ile ya kwanza kwa mbali. Sikia mwenyewe."

Niliishika. Kweli, ilikuwa inaipita kwa mbali. Mke wangu alikwishaingia ndani kutafuta bisibisi.