Salamu Isiyosubiri Jibu

Siku Mayu aliposhuka kwenye basi pale Katoro, gunia la michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, likiteremshwa nyuma yake, naikumbuka vizuri kuliko siku ya harusi yangu, mwanangu. Harusini nilikuwa nimefunikwa uso na sikuona kitu. Siku hiyo niliona kila kitu, kwa sababu nilikuwa naogopa. Mayu ni mama kwa Kisukuma, na ndivyo nilivyomwita mama wa mume wangu. Alikuwa ametoka Didia, naye alikuwa amekuja kumchukua binti yangu.

Nakueleza haya kwa sababu wewe, jirani yangu, umeniuliza mtoto aachiwe televisheni kwa muda gani. Najua umeshawauliza na wengine. Mmoja amekwambia saa moja, mwingine amekwambia izime kabisa ni ya shetani, na huyo wa pili nikienda kwake naikuta inawaka tangu asubuhi. Mimi hesabu ya saa sina. Nina habari ya Mayu tu, basi kaa uisikie.

Wakati ule nilikuwa sijafika thelathini. Mume wangu alikuwa anashuka duarani, kwenye shimo la kuchimbia dhahabu, na mimi nilikuwa napikia wachimbaji wali na maharage kwenye kibanda mbele ya nyumba tuliyopanga. Mwenye nyumba alikuwa na karasha uani, ile mashine ya kuponda mawe, na jenereta ya kuliendesha. Akatuvutia waya mmoja mpaka chumbani. Mwezi duara la kina mume wangu lilipotema dhahabu vizuri, wenzake walinunua viatu na bia, yeye akaleta televisheni. Tulisimamisha antena juu ya mti mrefu kuliko nyumba, na bado picha ilikuja na chenga. Niliifumia kitambaa cheupe chenye maua ya bluu pembeni, nikakitandika juu yake, nikajiona tajiri.

Nasema hivi mapema ili usinielewe vibaya: haikuwa ya sifa peke yake. Nyuma ya ile nyumba kulikuwa na mashimo yaliyoachwa, hayana uzio wala alama, na mbele kulikuwa na mafuta yangu ya moto. Binti yangu Milembe alikuwa na miaka mitatu na miguu myepesi. Nikimkalisha mbele ya televisheni, hatoki. Nilipika kwa amani. Mpaka leo, mtu akinisema kwa hilo namwambia aje kwanza ayaone yale mashimo.

Lakini Milembe alikuwa hasemi. Akitaka maji ananyoosha kidole. Ukimwita hageuki, na ukimsalimia anakutazama kama unaongea na mtu aliye nyuma yake. Zahanati walimpima, wakasema masikio ni mazima, wakatuambia tumrudishe baada ya muda. Mume wangu akamtumia mama yake salamu za nyumbani, na ndani ya salamu akatia hilo. Mayu hakujibu. Alipanda basi.

Nilimpokea kwa magoti, akanishika kichwa, tukaulizana habari za mvua na za ng'ombe mpaka zikaisha. Halafu akasema, bila ukali wowote, "Nimekuja kumchukua mjukuu wangu. Kule kwangu kuna watoto wenzake, ataongea nao."

Nikamsogezea maji ya kunywa. Maneno nilikuwa nayo. Kwetu mama mkwe akisema neno kama hilo hulipingi, na bibi kulea mjukuu ni jambo la kawaida kabisa, hakuna ambaye angenionea huruma. Lakini huyo alikuwa ndiye mtoto wangu wa pekee. Nikamwambia tu, "Pumzika kwanza, Mayu." Akasema sawa, atapumzika siku chache, wakati nikiandaa nguo za mtoto.

Akaingia chumbani, akaketi mkekani karibu na Milembe. Kwenye televisheni akatokea kijana wa taarifa ya habari, amevaa tai, akasema, "Habari za alasiri." Mayu alikuwa hajawahi kuketi mbele ya televisheni maisha yake yote. Akaiweka sawa khanga yake, akaitikia, "Nzuri baba, za kwako?" Nikabana kicheko. Yule kijana akaendelea kuzungumzia bei ya pamba. Mayu akamsubiri. Akamsubiri kweli, kichwa kimeinama upande mmoja, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kumeza tonge. Kijana akahama kwenye pamba, akaenda kwenye mpira.

"Hajanijibu," Mayu akasema.

Nikamweleza kwamba yule yuko mbali, hawezi kutuona wala kutusikia. Nilimweleza kwa ile sauti ya ujana, ya kumfundisha mkubwa, ambayo nawe unayo na sikulaumu. Akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akamtazama Milembe, ambaye macho hayakuwa yameondoka kwenye kioo, akauliza, "Huyu mtoto anakaa naye kuanzia saa ngapi?"

"Tangu asubuhi, Mayu. Napika."

"Basi ameshajifunza. Anayemsalimia kila siku hasubiri jibu. Kwa nini ahangaike kujibu?"

Mwanangu, nimesikia watu wengi wenye elimu wakizungumzia televisheni na watoto, na wengi wanasema vizuri. Lakini sijawahi kusikia neno lililoniingia kama lile. Mtu aliyekutana na kile kitu kwa mara ya kwanza aliiona palepale kasoro yake, na wala hakukichukia. Nilimpenda Mayu siku ile, na huku nikiendelea kumwogopa.

Nilidhani atasema tuiuze. Kesho yake alinifuata jikoni akaniomba nimwonyeshe yale mashimo. Tukaenda. Akasimama pembeni ya moja, akatupa jiwe, akasikiliza mpaka likafika chini. Akageuka, tukarudi. Tulipofika nyumbani akasema, "Sababu yako nimeiona." Hayo tu. Hujui neno kama hilo linavyomtua mzigo mke wa mtu, likitoka kwa mama mkwe.

Halafu akaanza mambo yake. Alikivuta kile kitambaa changu cha maua ya bluu kikashuka mbele na kufunika kioo. Akasema yule wa ndani ni mgeni, na kwao Didia mgeni haachwi peke yake na watoto, hata awe mwema namna gani. Anaketi na mtu mzima. Anasikilizwa. Akimaliza, anasindikizwa. Kwa hiyo kitambaa kiliinuliwa baada ya chakula cha mchana, yeye Mayu akiwa ameketi, Milembe mapajani, sinia la karanga mbele yao. Mtu akisema kitu kwenye televisheni, Mayu anamuuliza mtoto kwa Kisukuma, "Amesema nini huyo?" Halafu anamenya karanga na kusubiri. Mimi nilikuwa nachungulia dirishani na mwiko mkononi. Kusubiri kule kulinitia wazimu. Ningekuwa mimi ningeuliza, nikajijibu, nikaondoka. Yeye alikuwa na muda wa mtu anayesubiri mtama ukomae.

Kipindi kikiisha anashusha kitambaa. "Haya, tumsindikize mgeni." Anamshika mtoto mkono, wanatoka, wanapita karasha, wanafika kona ya barabara, wanapunga mkono kuelekea njia ya Geita ambako hakuna mtu. Majirani walicheka mpaka wakachoka. Milembe ndiye aliyeanza kungoja saa ya kusindikiza kuliko saa ya kutazama.

Muda uliobaki Mayu alimketisha kigodani kibandani kwangu, mbali na mafuta, achambue mchele. Na hapo ndipo alipowaweza wachimbaji. Walikuwa wanakuja na vumbi mpaka kwenye kope, njaa imewashika, wananyoosha mikono kupokea sahani. Mayu akawaambia hakuna sahani mpaka umsalimie Milembe na umsubiri.

"Tumsubiri afanye nini, bibi?" akauliza mmoja wao, jitu la miraba minne kutoka Tarime, ambaye sauti yake ilisikika hata karasha likiwa linanguruma.

"Ajibu."

"Na asipojibu?"

"Umsubiri kidogo, halafu ule. Kesho utamsalimia tena."

Basi ungewaona, mwanangu, wanaume wanaoshuka ardhini kwa kamba, wamechuchumaa mbele ya kigoda wakisema, "Hujambo Milembe?" na kunyamaza. Niliogopa watahamia kwa mpishi wa jirani. Hakuhama hata mmoja. Nadhani wengi wao walikuwa na watoto mikoani ambao hawajawaona siku nyingi. Yule wa Tarime alianza kuja mapema, hata kabla wali haujaiva.

Jibu la kwanza lilikuwa lake. Sikulisikia, nilikuwa nachuja maharage. Nilisikia tu kibanda kizima kimenyamaza, nikageuka, nikamwona yule mtu mkubwa amejifunika uso kwa kofia yake ya kuchimbia. "Kasema sijambo," akaniambia. "Mama Milembe, kaniambia sijambo."

Nililia. Nakwambia wazi, nililia kwenye maharage.

Lakini Mayu hakusema kwamba sasa mtoto anabaki. Siku zilikwenda, maneno yakaongezeka, maji, karanga, bibi. Asubuhi ya safari yake nilikuta nguo za Milembe zimekunjwa ndani ya kapu la Mayu, juu kabisa. Nilibeba lile kapu mwenyewe mpaka stendi, na sijawahi kubeba kitu kizito kama yale magauni.

Basi lilikuwa linapakia. Mayu alikuwa amesimama, uso kauelekeza barabarani, kwa sababu alikuwa mtu asiyependa kuagana. Milembe akamvuta khanga. Akasema ile salamu ya kwetu, aliyoisikia kwa Mayu kila asubuhi wakiamka, "Mhola, Bibi?" Yaani, ni amani?

Mayu alifungua mdomo na sauti haikutoka. Yule mama ambaye sikuwahi kumwona akikosa neno, macho yakajaa. Konda akagonga bodi. Na Milembe akasubiri. Alisimama pale na vumbi na honi na watu wanaopishana na mabegi, kichwa amekiinamisha upande mmoja, anamtazama bibi yake usoni, anasubiri ajibiwe.

"Mhola duhu, mjukuu wangu," Mayu akasema hatimaye. Ni amani tu.

Akaingiza mkono kwenye kapu, akatoa zile nguo, akaniwekea kifuani. Akapanda basi. Hakugeuka.

Mayu tulimzika Didia, na Milembe ndiye aliyesoma wasifu wa marehemu mbele ya watu. Sasa anaishi Ibadakuli na mume na watoto wawili. Televisheni yake ni nyembamba kama sinia, imebandikwa ukutani, haina hata mahali pa kutandika kitambaa. Amepigilia misumari miwili juu yake na kutundika kile cha maua ya bluu, kimeshakuwa cha manjano kwa uzee. Wageni wake wanamwambia hakipendezi. Anawaambia wamsubiri amalize kipindi na watoto, halafu watasindikizana wote. Simu nayo anaifunika, kwa leso. Nikimtazama namwona Mayu mzima-mzima, na najivuna bila aibu.

Basi nasaha yangu ndiyo hiyo, mwanangu. Usiniulize saa. Kuna siku utapika, utaumwa, utachoka, na hiyo televisheni itakushikia mtoto, nami sitakuja kukuhesabia dakika. Ila usimwache akadhani kuongea ni kule kwa upande mmoja. Keti naye hata kidogo. Muulize wamesema nini, na ukishauliza unyamaze, usimjibie. Kipindi kikiisha mfunike huyo mgeni, umtoe mtoto nje akutane na watu wanaongoja jibu lake, hata kama ni muuza mkaa. Na wewe mwenyewe, akikuita ukiwa umeinamia simu, inua uso. Hapo ndipo wengi wenu mnaponiudhi.

Mungu akupe nyumba yenye kelele za watoto wako zaidi ya kelele za mashine. Akupe subira ya yule mwanamke wa Didia na karanga zake. Watoto wako wakusalimie ukiwa mzee, na wasimame wakusubiri hata sauti yako ikichelewa kutoka.

Nimeongea peke yangu tangu tulipoketi, kama yule kijana wa tai. Inatosha. Mhola, mwanangu? Nakusubiri.