Mpima Macho na Baba Yake

Mke wangu ni mpima macho, mwaka wa ishirini sasa, na jambo asiloweza kuliandika kwa namba halimwingii akilini. Baba yake ni mtu wa dhikri. Kwake elimu ya kweli humshukia mtu moyoni baada ya kuusafisha. Vitabu na vipimo ni vya nje tu. Mimi mkwe nilikaa katikati yao kila mlo, nikitafuna kimya.

"Baba, kinachojulikana ni kile kinachopimika," mke wangu alizoea kusema.

"Haya, nipimie unavyonipenda, mwanangu."

Hapo mimi hukohoa kuficha kicheko.

Hata hivyo, mzee hakukataa kupimwa. Kila mwaka alipanga foleni kliniki kwa bintiye kama wengine, akaziba jicho moja, akazitaja herufi za ubaoni mpaka mstari wa chini bila kukwama. Bintiye akaandika: macho mazima. Nyumbani mzee alikuwa akimimina chai nje ya kikombe, na wote tukasema ni uzee.

Mwaka huu ubao ukabadilishwa. Mzee akaketi, akazitaja herufi zote za ubao wa zamani, kwa kujiamini kabisa.

Ikabidi aseme ukweli. Miaka mitatu hakuwa ameuona ubao ule. Mwaka wa kwanza, akiwa kwenye foleni, alisikiliza waliomtangulia, akazihifadhi herufi kama anavyohifadhi nyiradi zake za dhikri; tangu hapo hakusikiliza tena.

"Ningewaambiaje wenzangu?" alisema. "Mimi ninayewafundisha kuona kwa moyo, naogopa kupofuka!"

Mke wangu alilia palepale kazini. "Chai inamwagika mbele yangu," aliniambia, "na mimi naamini karatasi."

Siku tatu tulimsubiri daktari bingwa, roho mkononi. Kama ni presha ya macho, kilichopotea hakirudi. Daktari akamulika, akamulika tena, akasema ni mtoto wa jicho, atatolewa. Nilishusha pumzi mpaka muuguzi akageuka kunitazama. Sijawahi kufurahia ugonjwa namna ile.

Bandeji ilipofunguliwa, mzee alimkazia macho bintiye, kisha akanyoosha mkono akamgusa kichwani.

"Kumbe una mvi, mwanangu," alisema. "Moyo wangu ulikuwa bado unakuona msichana."

Mke wangu akapiga magoti, akamsogezea uso karibu zaidi.

"Nitazame vizuri, baba," alisema. "Usiharakishe."